Chuo Kikuu cha Stanford: mkuu mpya wa michezo, sheria mpya ya fedha, na timu 36 zinazongoja mgao

Tarehe 8 Septemba 2025, John Donahoe alianza kazi ya kuongoza idara ya michezo ya Chuo Kikuu cha Stanford, katika jimbo la California, Marekani. Hakutoka kwenye benchi la makocha, wala hakutoka kwenye idara ya michezo ya chuo kingine. Alitoka kwenye biashara. Tangu Januari 2020 hadi Oktoba 2024 alikuwa mkurugenzi mkuu wa Nike, kampuni ya viatu na nguo za michezo. Kabla ya hapo aliongoza eBay, soko la kwenye intaneti, na ServiceNow, kampuni ya programu za kompyuta.

Kubadilishwa kwa mkurugenzi mmoja wa chuo kungeweza kuwa habari ya mistari mitano. Lakini Stanford si chuo cha kawaida katika michezo. Kina timu 36 zinazoshindana katika ngazi ya juu ya vyuo vya Marekani, na kimeshinda mataji ya timu zaidi ya 130 ya chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kuliko chuo kingine chochote. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, wanamichezo waliosoma au wanaosoma Stanford walirudi na medali 39. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, tangu ianze kwenda Olimpiki, haijapata hata moja.

Medali hizo nyingi zinatoka kwenye michezo isiyoingiza fedha: kuogelea, maji-polo, kupiga makasia, jimnastiki. Hapo ndipo kazi ya Donahoe inapokuwa ngumu. Amekuta sheria mpya inayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na fedha hizo kwa sehemu kubwa zinakwenda kwa wachezaji wa michezo miwili tu. Michezo 34 iliyobaki inangoja kuona itaachiwa nini.

Mfumo ulivyo

Kwa msomaji wa Lubumbashi au Bukavu, ambako michezo ya chuo kikuu ni mashindano kati ya fakulte na jezi za kuazimana, mfumo wa Marekani unahitaji maelezo kidogo. Marekani haina wizara ya michezo inayolipia timu. Vijana wengi wanaofika kwenye timu za taifa hupitia vyuo vikuu, na kila chuo kikubwa kina idara ya michezo inayoendeshwa kama kampuni. Ina mkurugenzi wake, bajeti yake, makocha wake, madaktari wake na watu wake wa kutafuta wafadhili.

Mapato makubwa yanatoka kwenye haki za televisheni, tiketi, matangazo na michango ya watu waliosoma hapo zamani. Karibu yote yanaletwa na mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kugongana, na baada yake basketi ya wanaume. Kwa miaka mingi michezo hiyo miwili imekuwa ikibeba mingine, mfano wa kaka mkubwa aliyepata kazi mjini akalipia minerval ya wadogo zake.

Mpangilio huo uliwezekana kwa sababu kaka mkubwa mwenyewe hakuwa akilipwa mshahara. NCAA ilishikilia kwamba mwanafunzi anayecheza ni mchezaji wa ridhaa. Alipewa ufadhili wa masomo, chumba na chakula, basi. Huko Stanford hilo si jambo dogo, kwa kuwa ada ya masomo peke yake sasa inapita dola 65,000 kwa mwaka. Lakini fedha za televisheni hazikufika mfukoni mwake. Zilibaki kwenye idara, na idara ikazigawa kwa makocha, viwanja na timu nyingine.

Somo la mwaka 2020

Stanford ilionyesha mapema kwamba mpangilio huo unaweza kuvunjika. Mwezi wa Julai 2020, katikati ya janga la Covid-19, viongozi wa chuo walitangaza kwamba michezo 11 kati ya 36 itafutwa mwishoni mwa mwaka wa masomo 2020-2021. Orodha ilikuwa na mieleka, voliboli ya wanaume, kupigana kwa vitara kwa wanaume na kwa wanawake, hoki ya uwanjani, skwoshi, kuogelea kwa mpangilio wa muziki, timu mbili za makasia na timu mbili za mashua za tanga. Wanamichezo zaidi ya 240 na makocha 22 waliguswa, na nafasi 20 za wafanyakazi wengine zikaondolewa.

Sababu iliyotolewa ilikuwa hesabu. Viongozi walieleza kwamba idara ilikuwa na pengo la kudumu ambalo lilianza kabla ya Covid, na kwamba kwa janga hilo upungufu ungekaribia dola milioni 70 katika miaka mitatu. Walisema pia kwamba kuiwekea michezo hiyo 11 mfuko wa kuitunza daima kungehitaji zaidi ya dola milioni 200. Mkurugenzi wa michezo wakati huo alikuwa Bernard Muir, aliyeshika kazi hiyo tangu 2012.

Wanafunzi hawakukubali. Wazazi, waliosoma zamani na mabingwa wa Olimpiki waliungana katika kundi walilolipa jina la kutetea michezo yote 36. Walichangisha ahadi za fedha, wakaandika barua, wakadai kuonyeshwa vitabu vya hesabu. Mwezi wa Machi 2021, mwanamieleka Shane Griffith aliingia kwenye fainali ya taifa akiwa amevaa nguo nyeusi tupu, bila jina wala alama ya Stanford. Akashinda ubingwa. Picha yake ilizunguka nchi nzima.

Mwezi wa Mei mwaka huo kesi mbili zilifunguliwa mahakamani, moja ikidai kwamba chuo kinawabagua wanawake, nyingine ikidai kwamba wanafunzi walidanganywa walipoandikishwa. Siku chache baadaye, tarehe 18 Mei 2021, Stanford ilirudi nyuma: michezo yote 11 itabaki. Viongozi walisema hali ya fedha imebadilika na uwezo wa kuchangisha umeonekana kuwa mkubwa zaidi.

Uamuzi huo uliwapa wanafunzi ushindi. Lakini pengo la kudumu ambalo viongozi walikuwa wamelitaja halikuzibwa kwa tangazo. Liliahirishwa, na miaka iliyofuata ilileta mapigo mawili mapya.

Ligi yavunjika, mapato yapungua

Pigo la kwanza lilikuja mwaka 2023. Stanford ilikuwa katika ligi ya Pac-12, ligi ya vyuo vya pwani ya magharibi yenye historia ya zaidi ya miaka 100. Ligi hiyo ilishindwa kupata mkataba mzuri wa televisheni. Vyuo vikubwa, kama vile vile vya Los Angeles, vilikuwa vimekwisha kutangaza kuhama. Vingine vikafuata, na kati ya vyuo 12 vikabaki viwili tu.

Stanford na jirani yake, Chuo Kikuu cha California cha Berkeley, vilipata nafasi katika ACC, ligi ambayo jina lake lenyewe ni la pwani ya bahari ya Atlantiki, upande wa pili wa nchi. Kuanzia Agosti 2024 timu za Stanford zinasafiri kucheza Boston, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka nyumbani. Ni mbali kuliko kwenda Kinshasa kutoka Lubumbashi na kurudi kwa ndege.

Tena mlango huo haukufunguliwa bure. Kufuatana na masharti yaliyoripotiwa wakati wa kujiunga, Stanford na Berkeley zilikubali kupokea karibu asilimia 30 tu ya mgao wa kawaida wa televisheni kwa miaka saba ya kwanza. Kwa maneno mengine, gharama za safari zimepanda wakati sehemu kubwa ya mapato imeachwa mezani. Timu ya mpira wa Kimarekani, ambayo ndiyo inayotegemewa kuleta fedha, nayo ilikuwa imeanguka. Kwa misimu minne mfululizo, tangu 2021 hadi 2024, ilimaliza ikiwa na ushindi 3 na kushindwa mara 9.

Mahakama yabadilisha hesabu

Pigo la pili lilitoka mahakamani. Tarehe 6 Juni 2025, jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha makubaliano katika kesi inayojulikana kwa jina la House, la mwogeleaji aliyekuwa kati ya wadai. Makubaliano hayo yana sehemu mbili kubwa.

Kwanza, NCAA na ligi zake watalipa takriban dola bilioni 2,8 katika miaka 10 kwa wanamichezo waliocheza tangu 2016 na ambao walizuiwa kupata fedha kutokana na majina na sura zao. Sehemu ya fedha hizo inakatwa kwenye mgao ambao vyuo vilikuwa vinapokea, hata vile vidogo ambavyo havikuwa kwenye kesi.

Pili, kuanzia tarehe 1 Julai 2025, kila chuo kinachokubali kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja. Kwa mwaka wa kwanza kiwango cha juu ni karibu dola milioni 20,5 kwa chuo kimoja, na kitapanda mwaka hadi mwaka.

Mahakama haikusema fedha hizo zigawanywe vipi kati ya michezo. Lakini kanuni iliyotumika kugawa malipo ya miaka iliyopita imekuwa kielelezo kwa vyuo vingi: asilimia 75 kwa mpira wa Kimarekani, asilimia 15 kwa basketi ya wanaume, asilimia 5 kwa basketi ya wanawake, na asilimia 5 kwa michezo mingine yote.

Kwa chuo kinachotumia kiwango chote na kufuata kanuni hiyo, hesabu inakuwa hivi: mpira wa Kimarekani unapata karibu dola milioni 15,4, basketi ya wanaume milioni 3,1, basketi ya wanawake milioni moja na kidogo. Milioni moja na kidogo inayobaki inaingia kwenye kapu la michezo mingine. Chuo chenye michezo 36 kingegawa kapu hilo kwa timu 33, na kila timu ingepata karibu dola 31,000. Si mchezaji mmoja, ni timu nzima.

Kinachosumbua zaidi ni kwamba milioni 20,5 hizo si fedha mpya. Ni gharama mpya inayowekwa juu ya bajeti ileile. Kila mkurugenzi wa michezo Marekani sasa anapaswa kuzitoa mahali fulani: kuongeza michango, kupandisha tiketi, kuomba chuo kisaidie, au kupunguza timu.

Vingine vimekwisha kuchagua. Mwezi wa Machi 2025, chuo cha Cal Poly, pia cha California, kilifuta timu zake za kuogelea na kikataja mabadiliko hayo kati ya sababu. Mwezi huohuo chuo kidogo cha Saint Francis, jimbo la Pennsylvania, kilitangaza kwamba kitashuka kutoka daraja la kwanza hadi la tatu, ambako ufadhili wa michezo hautolewi. Kilitangaza hivyo siku chache baada ya timu yake ya basketi kucheza kwenye mashindano makubwa ya taifa.

Uongozi wabadilika kutoka juu

Ndani ya hali hiyo, Stanford ilibadilisha karibu uongozi wote unaohusika na michezo. Tarehe 1 Agosti 2024, Jonathan Levin, profesa wa uchumi, alichukua kiti cha rais wa chuo, cheo ambacho nchini Congo kingeitwa rekta. Mwezi wa Novemba mwaka huo chuo kilimwita Andrew Luck, aliyekuwa mchezaji wake nyota na aliyechaguliwa wa kwanza kabisa kwenye ligi ya kulipwa ya NFL mwaka 2012. Alipewa cheo kipya cha meneja mkuu wa mpira wa Kimarekani. Cheo cha namna hiyo zamani kilikuwa cha timu za kulipwa tu. Machi 2025 Luck alimwondoa kocha mkuu Troy Taylor na kumleta kwa muda Frank Reich, aliyewahi kumfundisha yeye mwenyewe katika timu ya Indianapolis Colts.

Bernard Muir alitangaza mwezi wa Februari 2025 kwamba ataondoka mwishoni mwa mwaka wa masomo. Mwisho wa Julai, jina la Donahoe likatangazwa.

Mpangilio wa teuzi hizo unaeleza mengi. Mchezo mmoja umepata meneja wake hata kabla idara nzima haijapata mkurugenzi mpya. Na mkurugenzi aliyepatikana ni mtu anayejua kuzungumza na wenye fedha. Donahoe alipata shahada yake ya biashara Stanford, ameishi miaka mingi kati ya matajiri wa teknolojia wa California, na kupitia Nike anajua mikataba ya vifaa vya michezo.

Historia yake ina pande mbili. Huko Nike alisukuma sana mauzo ya moja kwa moja kwa mteja na kupunguza uhusiano na maduka yaliyouza viatu vya kampuni hiyo kwa miaka mingi. Wengi walimlaumu kwamba alifuata namba za kompyuta akasahau michezo yenyewe. Mwezi wa Juni 2024 hisa za Nike zilianguka kwa karibu asilimia 20 kwa siku moja, na miezi michache baadaye akaondoka. Wanaomtetea wanajibu kwamba idara ya michezo ya leo ni biashara ya mamilioni mengi ya dola, na kwamba kocha mstaafu hawezi kuziba pengo la fedha kwa hotuba za kutia moyo.

Milioni 50 kwa mchezo mmoja

Ishara ya wapi fedha zinaelekea ilionekana mapema. Mwezi wa Oktoba 2025 Stanford ilitangaza kwamba Bradford Freeman, tajiri aliyecheza mpira wa Kimarekani chuoni hapo katika miaka ya 1960, ametoa dola milioni 50 kwa ajili ya timu hiyo.

Ni zawadi ya mtu binafsi, na mtoaji ana haki ya kusema inakwenda wapi. Hoja ya wanaoiunga mkono ni nyepesi kueleweka: mpira ukifufuka, viwanja vitajaa, televisheni italipa zaidi, na michezo mingine itakula kutoka sahani hiyohiyo. Kuuacha mpira ufe ni kuiua michezo yote 36.

Lakini ukiweka namba hiyo kando ya ile ya mwaka 2020, picha inabadilika. Wakati ule chuo kilisema kinahitaji zaidi ya dola milioni 200 ili kuitunza michezo 11 daima. Robo ya kiasi hicho sasa imepatikana kwa mkono mmoja, kwa mchezo mmoja, na sehemu kubwa ya fedha za namna hii siku hizi hutumika kuvutia wachezaji ambao wanaweza kuhamia chuo kingine mwaka unaofuata. Mfuko wa kudumu unamlisha mwanamichezo wa leo na wa miaka 50 ijayo. Mshahara wa mchezaji ukiisha, unatafutwa mwingine.

Wapenzi wa soka wa Congo wanaujua mjadala huu kwa jina lingine. Timu inayotegemea mfuko wa mtu mmoja inaweza kutwaa kombe la Afrika, na ile isiyo na tajiri ikashindwa kulipa basi la kwenda Kolwezi. Swali huwa lilelile: je, fedha ya tajiri inajenga nyumba, au inalipa kodi ya mwezi huu?

Kuna vizuizi viwili vinavyoweza kumzuia mkurugenzi yeyote asiutupie mpira kila kitu. Cha kwanza ni sheria ya mwaka 1972 inayojulikana kama Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopokea fedha za serikali. Kanuni ya asilimia 75 tayari imepelekwa kwenye mahakama ya rufaa na wanawake wanaosema inawanyima haki yao. Cha pili ni amri ya Rais Donald Trump ya Julai 2025, inayotaka idara za michezo zenye mapato makubwa, kuanzia zile zinazopita dola milioni 125 kwa mwaka, ziongeze nafasi za ufadhili katika michezo isiyoingiza fedha. Amri hiyo si sheria ya bunge, na nguvu yake bado itapimwa. Lakini inaonyesha kwamba hofu ya kupoteza wanamichezo wa Olimpiki imefika hata Ikulu ya Washington.

Mlango waliopitia Waafrika

Mabadiliko haya yanawagusa pia vijana wa Afrika. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alifika Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa serikali ya Marekani, akitaka kuwa daktari. Huko kocha John Thompson alimwingiza kwenye basketi. Mwaka 1991 alichukuliwa na Denver Nuggets, na fedha za mpira zikasaidia kujenga hospitali ya Biamba Marie Mutombo iliyofunguliwa Kinshasa mwaka 2007. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024.

Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, alicheza West Virginia na kisha Kentucky, na mwaka 2022 alitangazwa mchezaji bora wa basketi ya vyuo Marekani nzima. Wakati huo wenzake Wamarekani walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kupata fedha za matangazo. Yeye alikuwa na visa ya mwanafunzi, F-1, inayobana sana kazi za malipo. Timu yake ilipokwenda kucheza Bahamas mwezi wa Agosti 2022, alitumia safari hiyo kufanya kazi za matangazo nje ya ardhi ya Marekani.

Visa hiyo haikubadilika baada ya uamuzi wa House. Iliandikwa zamani, wakati hakuna aliyefikiri kwamba chuo kitamlipa mwanafunzi kwa kucheza. Mchezaji kutoka Congo anaweza kujikuta katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo na mwenzake anayelipwa laki kadhaa za dola, wakati wanasheria wa chuo bado wanabishana kama yeye anaweza kupokea hata moja.

Kwa wakimbiaji wa Afrika Mashariki hatari ni nyingine. Riadha haina tiketi za kuuza kama basketi. Hata hivyo ndiyo iliyompeleka Mkenya Henry Rono Washington State, alikovunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81 mwaka 1978. Ndiyo iliyompeleka Mtanzania Suleiman Nyambui chuo cha Texas cha El Paso, kabla ya medali yake ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980. Na ndiyo iliyompa Edward Cheserek, Mkenya, mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon.

Chini ya makubaliano mapya, vyuo vinavyolipa wanamichezo vimewekewa kikomo cha idadi ya wachezaji: 105 kwa mpira wa Kimarekani, 15 kwa basketi, 45 kwa riadha, 17 kwa mbio za nyika. Kwa upande mmoja ni habari njema, kwa kuwa kila aliye ndani ya idadi hiyo sasa anaweza kupewa ufadhili kamili, wakati zamani timu ya riadha ya wanaume ilikuwa inagawana ufadhili 12,6 tu. Kwa upande mwingine, kuruhusiwa si kulazimishwa. Chuo kinaweza kuwa na nafasi 45 kwenye karatasi na fedha za watu kumi.

Kwa familia ya Goma, Kisangani au Lubumbashi inayopata barua kutoka kwa kocha wa Marekani, maswali ya kuuliza yameongezeka. Je, nafasi iliyoahidiwa imo ndani ya idadi inayoruhusiwa? Ufadhili ni kamili au wa nusu, na ni wa mwaka mmoja au minne? Timu hiyo ikifutwa, masomo yataendelea kulipwa? Chuo kinasema nini juu ya visa ya F-1 na malipo? Majibu yanafaa kuja kwa maandishi, si kwa simu.

Huko Stanford, jibu la Donahoe halitapatikana kwenye hotuba ya kwanza wala kwenye matokeo ya msimu mmoja wa mpira. Litaonekana pale tajiri mwingine atakapofika mlangoni na hundi mkononi, akauliza ni wapi fedha zinahitajika zaidi. Mwaka 2021 mwanamieleka alilazimika kuficha jina la chuo chake ndipo asikilizwe. Timu hiyo ya mieleka bado ipo, pamoja na nyingine 10 zilizokuwa zimeandikiwa kufutwa, na zote zinasubiri kujua kama mkubwa mpya atazitaja atakapoulizwa.